Opareta wa Njia ya Mapipa

Nimeitembea njia ya Garissa hadi Bura kwa miguu mara nyingi kuliko nilivyokwenda kanisani, na Opareta hakuitembea yote hata mara moja. Hata hivyo njia ilikuwa yake. Muulize mtu yeyote aliyepita kule miaka ya tisini, awe mchungaji, mchuuzi wa nguo au mwalimu aliyekuwa akirudi kituoni baada ya likizo, atakwambia hivyo hivyo: ile ilikuwa njia ya Opareta. Mimi niliyeacha nyayo kwenye mchanga ule kuanzia viunga vya Garissa mpaka soko la mbuzi la Bura nilikuwa mpita njia. Liliniuma sana jambo hilo. Nimeshapita miaka arobaini sasa, na bado kuna siku linanichoma nikiwa nakunywa chai yangu kwa amani.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Kazi yake ilikuwa kuendesha injini ya dizeli kwenye kisima cha mashine, mwendo wa nusu siku kutoka Bura, na mtu wa kazi hiyo huitwa opareta kila mahali Kaskazini Mashariki. Maopareta walikuwa wengi. Ukisema Opareta bila kutaja kisima, ulikuwa umemsema yeye.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ndevu alizozipaka hina, na kanzu iliyokuwa nyeupe mgongoni na nyeusi tumboni kwa sababu ya kuegemea injini. Vidole vyake vilinuka mafuta hata alipotoka kutawadha. Kiswahili chake alikipata kwa makandarasi waliochimba kile kisima. P zake zilitoka kama B, V zake kama F, na alizungumza taratibu, kama mtu anayefungua nati yenye kutu.

Lazima nieleze njia yenyewe, kwa kuwa vijana wa leo wanapanda basi na hawaijui. Siku zile barabara kuu ilikuwa na majambazi. Magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na wiki nzima ingeweza kupita bila msafara. Mwenye haraka, au mwenye mfuko mtupu, alikwenda kwa miguu. Kando ya mto kulikuwa na mbung'o, nyati na vichaka visivyo na mwisho, kwa hiyo njia ya miguu ilipita ndani, mbali na mto, siku nne za mchanga na migunga. Katika siku hizo nne hakukuwa na maji yoyote isipokuwa yale ya kisimani na yale yaliyowekwa na watu.

Yaliwekwa mapipa saba. Pipa lilizikwa nusu chini ya kivuli, likavikwa magunia, likafunikwa bati na jiwe, na kikombe kikafungwa kwa waya ili kisiondoke na mtu. Kila pipa lilikuwa na mwenyewe, na kila mwenye pipa alikuwa na kipande chake cha njia. Alilijaza, alikata miiba, aliweka alama. Alama zilikuwa mbili tu. Mawe matatu yakiwa upande fulani wa njia, pipa liko upande huo. Tawi la mgunga likilazwa kukatisha njia, shina likikuelekea wewe, hapo pamefungwa, usipite. Mvua zikiisha watu wote wa njia walitoka na mapanga, nusu wakianzia Garissa na nusu Bura, wakafyeka mpaka wakakutana katikati, wakala wali na nyama, wakagombana kuhusu nani kafyeka vizuri, wakarudi makwao. Hakuna aliyewalipa. Hawakuwa na ofisi, kadi wala mwenyekiti.

Walicholipwa kilikuwa dua. Mtu akifika salama, iwe barazani msikitini Bura au kwenye kibanda cha chai Garissa, kabla hajavua viatu alikuwa anawataja wenye mapipa kwa mfuatano na kuwaombea. Pipa la fulani, Mungu ampe afya. Pipa la fulani, Mungu amrehemu mama yake. Nilizisikia dua hizo mara ngapi sijui. Mimi ni Mkamba, baba yangu aliletwa Garissa kuwa karani, nikasomea hapo hadi kidato cha nne, kisha nikaajiriwa na tajiri mmoja wa ngozi kuzunguka kununua ngozi za mbuzi na ng'ombe. Mimi si Mwislamu. Lakini nilikuwa nikizisikia dua hizo nikatamani, kwa tamaa ya mtu mwenye njaa, kulisikia jina langu humo. Mutua, Mungu ampe afya. Nilitaka pipa. Kila kitu nitakachosimulia kuhusu Opareta, msomaji akisome akijua hivyo.

Kwani ni yeye aliyekuwa akigawa vipande.

Hakupewa mamlaka hayo na mtu. Yaliangukia kwake kwa sababu maji ya mapipa mengi yalitoka kwenye kisima chake, na kwa sababu ya ukuta. Nyumba ya injini ilikuwa na ukuta wa ndani uliopakwa chokaa, na juu ya ukuta huo Opareta alikuwa ameichora njia yote kwa mafuta machafu ya injini, kwa kidole. Garissa ilikuwa karibu na mlango, Bura karibu na tangi la dizeli. Kila pipa lilikuwa duara. Mafuta hupauka, kwa hiyo alikuwa akichovya kidole na kuyapitia upya maduara ya mapipa yaliyo hai. Pipa lililotoboka au ambalo mwenyewe amehama, aliliacha lififie lenyewe. Ukiingia mle ungeweza kujua hali ya njia kwa kutazama weusi wa maduara.

Aliijuaje, naye hajaitembea? Alihoji watu. Mpita njia akifika kisimani midomo imepasuka, alipewa maji mara moja, lakini chai hakupewa mpaka ajibu. Maji katika pipa la tatu yalikuwa viganja vingapi kutoka juu? Tawi la pale kwenye kichuguu bado lina majani? Umeona kinyesi cha fisi upande gani? Aliuliza huku amefumba macho, akisikiliza injini kwa sikio moja. Mtu akidanganya alijua, kwani mpita njia wa jana alishamwambia. Siku moja nilimwambia kwamba mgunga wa pipa la tano umeanguka. Nilijivuna, kwa kuwa nilikuwa nimetoka huko asubuhi hiyo. Akanijibu, bila kufumbua macho, kwamba haujaanguka, umeinama, na umeanza kuinama tangu Ramadhani. Nilirudi kule wiki iliyofuata nikautazama. Ulikuwa umeinama.

Ningeweza kumsamehe mtu huyu kama angekuwa mtakatifu. Hakuwa. Alikuwa bahili wa sukari kupita kiasi. Aliificha kwenye sanduku la vifaa, chini ya spana, na chai yake ilikuwa na ladha ya dizeli na chuma. Akikutilia kijiko cha pili alikutazama kama umemwibia. Alipokuwa akicheza shax, ule mchezo wa vijiwe juu ya mistari iliyochorwa chini, alisogeza vijiwe vya mwenzake huyo alipogeuka kutema mate, na akikamatwa alisema ni upepo. Watu wa ukoo wake wakija na ngamia na kutaka kuwatangulia wengine birikani, aliwaambia, "Muulize injini kama inakujua wewe." Lakini mjomba wake mmoja mwenye sauti kubwa alipokuja, ghafla injini ilikuwa inamjua.

Shukrani zilimkera. Mzee mmoja aliyeokolewa na pipa lake alimletea beberu kutoka mbali. Opareta akampapasa beberu mbavu, akalalamika kwamba amekonda, akauliza kama mzee amekuja kumshukuru au kumtafutia mnyama wake malisho. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Beberu alichinjwa jioni hiyo hiyo, wakala wapita njia, na Opareta akala kichwa akiendelea kulalamika. Ukimsifu alikasirika. Lakini ukipita kisimani bila kumuuliza lolote kuhusu njia, alinuna siku mbili. Nimemjaribu.

Mke wake aliishi Bura mjini, mwanamke mnene mwenye maneno makali, ambaye sote tulimwita Mama Abdi. Nilipokuwa nikinunua ngozi mtaani kwao alinikaribisha kivulini na kunionyesha alama ya duara kwenye sakafu ya uani. Hapo, alisema, ndipo pipa lake la harusi lilipokuwa limekaa. Mume wake alikuja siku moja na mkokoteni wa punda akalichukua kwa ajili ya njia, akaahidi kuleta jingine. Miaka sita. "Watu wote ya kutoka Garissa nakunywa maji ya mume yangu," aliniambia, "mimi nabeba jerikani kama mjakazi. Hiyo njia ni mke mwenza." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Nilimpenda kwa maneno hayo. Sisi wawili tulikuwa na ugonjwa mmoja.

Mara ya kwanza nilipoomba kipande nilikuwa nimejipanga. Nilimweleza kwamba hakuna anayeifahamu njia kama mimi, kwamba nina punda wawili, kwamba niko tayari kujaza pipa lolote. Watu wanne walikuwa wamekaa pale kwenye kivuli cha tangi. Opareta aliniuliza ni lini mara ya mwisho nililala mahali pamoja siku kumi. Nikafikiri. Wale wanne wakaanza kutabasamu kabla sijajibu.

"Wewe ni mtu ya kubita," akasema. "Kibande nataka mtu ya kukaa."

Mara ya pili nilileta sukari, kilo mbili. Akaificha chini ya spana na kuniambia maneno yale yale.

Kisha akaja Sahara. Alikuwa mjane aliyetokea upande wa mpakani na mabinti wawili, akafungua kibanda cha chai kwenye kichuguu, mahali ambapo hata kunguru hawakukaa. Hakuwa na punda. Hakuwa ameitembea njia zaidi ya mara moja, siku aliyokuja. Baada ya mwezi mmoja niliingia nyumba ya injini nikakuta duara jipya ukutani, jeusi linalong'aa, mafuta yakiwa bado yanateremka kidogo. Nikauliza ni la nani. La Sahara. Nilisimama pale nikihisi masikio yanapata moto. Opareta alikuwa akipangusa kidole chake kwenye kanzu, tumboni, taratibu, kama mtu aliyemaliza kula.

Nilifanya basi jambo ambalo watu wa mahali pengine wasingeona ubaya wake. Nilinunua pipa langu mwenyewe Garissa, pipa zuri la chuma, nikaliandika MUTUA kwa rangi nyeupe, nikalisafirisha kwa mkokoteni mpaka kwenye njia panda iliyokuwa mwendo wa saa mbili kutoka kisimani, upande wa Garissa. Njia ya zamani pale ilizunguka kushoto, uwanda mtupu, jua tupu. Kulia kulikuwa na upenyo kati ya migunga, uliofungwa kwa tawi tangu zamani. Nililizika pipa langu huko kulia, chini ya kivuli. Nikalijaza kwa safari tatu za punda. Kisha nikaliinua lile tawi la mgunga kutoka kulia nikalilaza kushoto, shina likiwaelekea watu, na mawe matatu nikayahamisha.

Hakuna mtu wa njia aliyewahi kuhamisha tawi la kipande kisicho chake. Nilijua hilo. Mikono yangu ilichomwa na miiba nikaona ni halali yangu.

Kwa miezi miwili nilikuwa mtu mwema. Nililijaza pipa, nikalala karibu nalo, nikasikia wapita njia wakija wakinywa wakiondoka. Siku moja Garissa, kwenye kibanda cha chai, nilimsikia mchuuzi mmoja akisema kwamba walipumzika kwa Mutua. Hakujua kwamba Mutua amekaa nyuma yake. Sikunywa chai yangu ikaisha; nilitoka nje nikatembea mpaka kwenye daraja na kurudi, kwa furaha. Nikangoja Opareta alichore duara. Hakulichora. Hakunigombeza, hakunitaja, aliendelea kunihoji kuhusu mapipa mengine kama kawaida, na kila nilipoingia mle ukuta ulikuwa mweupe mahali pale.

Kisha lori likaja. Ndivyo lilivyokuja kila mara katika maisha yangu. Dereva alikuwa akienda Wajir kuchukua ng'ombe, kiti cha mbele kilikuwa wazi, na miguu yangu ilikuwa inaniwasha. Nilijiambia siku tano. Kutoka Wajir nikaunganishwa na tajiri wa mbuzi aliyekuwa akienda Takaba. Nilikaa Takaba miezi minne nikiuza chumvi ya mifugo, na pipa langu nilikuwa nimelisahau kama mtu anavyosahau mwavuli.

Nililikumbushwa hotelini. Mtu mmoja wa Bura alikuwa akisimulia wenzake kuhusu mzee na mjukuu wake wa kike waliofuata alama vizuri, wakapinda kulia kama tawi lilivyoelekeza, wakakuta pipa limekauka na ndani yake ndege aliyekufa. Walikaa hapo mpaka kesho yake, kwa kuwa mzee hakuweza tena kuinuka. Sahara ndiye aliyewapata, alipoona kwamba watu waliotazamiwa hawafiki kibandani kwake. Wote wawili walipona. Lakini msichana, yule mtu alisema, kila akiona bati linang'aa alikuwa analia. Mtu mmoja akauliza hilo pipa lilikuwa la nani. Nilisimama nikalipa kabla sijasikia jibu.

Sikurudi. Nilikwenda mbali zaidi, mpaka Lafey, ambako unaweza kutembea kidogo ukajikuta nchi nyingine. Miaka saba nilizunguka huko. Mvua ya Elinino iliponyesha, redio ilisema Bura imekatika na dunia, hakuna gari linalofika, na nilijua kwamba watu wote watakuwa wakipita njia yetu, magoti kwenye matope, na kwamba Opareta amefumba macho akiwahoji. Walibeba wagonjwa kwa machela, nilisikia baadaye, wakipokezana kutoka kipande hadi kipande, kila mwenye pipa akimbeba mgonjwa katika kipande chake na kumkabidhi wa mbele. Mtu angefikiri nitaona aibu kwa kukosekana kwangu. Niliona wivu. Nilikaa kwenye duka la mtu Lafey, mvua inapiga bati, nikamwonea wivu kila mtu aliyekuwa na tope Bura.

Nilirudi mwaka wa mwisho wa miaka ya tisini. Nilishuka Bura kutoka kwenye lori, na kabla ya kitu chochote nikaenda kwa Mama Abdi. Uani, juu ya ile alama ya duara, palikuwa na pipa jipya la plastiki. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema mume wake sasa amezeeka, magoti yamekwisha, na sababu yake anaijua. Hakuitaja. Alinipa maziwa, akaniangalia nikinywa, akasema nikifika kule nimwambie arudi nyumbani, nyumbani kuna maji siku hizi.

Nilifika kisimani mchana. Alikuwa amekaa juu ya kiti cha gari lililokufa, mlangoni pa nyumba ya injini, mguu mmoja umenyooshwa mbele. Hina ilikuwa imemtoka ndevuni zikawa nyeupe.

"Nabad, adeer," nikamsalimu, kama anavyosalimiwa baba mdogo.

"Nabad." Akaniita kwa jina wanalotuita sisi watu wa bara. "Nywele ngumu amerudi. Kunywa maji."

Nilikunywa. Nikangoja anihoji. Hakunihoji, na hapo nikajua kwamba ni mimi ninayepaswa kuuliza. Sikuwa na ujasiri wa kuuliza. Nikaingia ndani nikatazama ukuta.

Chokaa ilikuwa imekuwa ya manjano. Maduara mengi yalikuwa ya rangi ya chai, mawili yalikuwa yameshapotea kabisa. Siku hizo mabasi yalikuwa yameanza kupita mara kwa mara na watu wa njia walikuwa wakipungua. Lakini saa mbili kutoka kisimani, upande wa Garissa, mahali ambapo ukuta ulikuwa mweupe nilipoondoka, palikuwa na duara. Lilikuwa jeusi kuliko yote. Mafuta yalikuwa yamepitiwa juu ya mafuta mara nyingi hata yakawa na unene, kama kovu, na nilipoligusa kidole changu kikanata.

Nikatoka nje. Nilimuuliza ni nani aliyekuwa akilijaza pipa langu.

Alinionyesha magoti yake kwa kidevu. Kwa miaka saba, mara mbili kwa wiki, alikuwa akienda mwenyewe na mkokoteni wa punda, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwa sababu hakutaka kumpa mtu mwingine kipande chenye mwenyewe. Nikajaribu kupiga hesabu kichwani, safari zangu zote za Garissa na Bura, na zile zake fupi za kwenda na kurudi, na kabla sijafika mwaka wa tatu nikaacha. Miguu ndiyo ilikuwa kitu changu pekee. Amenishinda hata miguu.

"Kwa nini hukurudisha tawi tu?" nikamuuliza. "Ungelirudisha kushoto, watu wangepita njia ya zamani, basi."

Alinikunjia uso kama nimeomba kijiko cha tatu cha sukari.

"Kwa nini nirudishe? Huko kuna kifuli. Njia ni fubi. Mahali ulichagua ilikuwa nzuri." Akajikuna goti. "Wewe ndio ulikuwa mbaya."

Ndani injini ilikohoa, naye akainamisha kichwa akaisikiliza, akaridhika. Nilitaka anitukane zaidi. Badala yake aliniambia kwamba leo ni siku ya pipa langu, mkokoteni uko nyuma ya tangi, na yule punda wa kushoto anapenda kusimama. Nilimpa salamu za mke wake, kwamba nyumbani kuna maji. Akasema anajua, yeye ndiye aliyempelekea lile pipa. Kisha akafumba macho, na hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyowahi kusikia kutoka kwake, kwani siku ile ile, kabla sijarudi na mkokoteni, mwanawe alikuja akamchukua kwenda kutibiwa magoti, na hakurudi kisimani tena.

Nilikwenda na mkokoteni. Punda wa kushoto alisimama mara nne. Kwenye njia panda mawe matatu yalikuwa mahali nilipoyaweka, na tawi lililokatisha kushoto lilikuwa bichi, la wiki hiyo. Pipa lilikuwa limevikwa magunia mapya. Rangi yangu nyeupe ilikuwa imebanduka zamani, lakini jina lilikuwepo, limeandikwa upya kwa mafuta machafu ya injini, kwa kidole kinene, herufi zimelala kila upande.

Nilikuwa nikimimina jerikani ya mwisho alipotokea mama mmoja mzee kutoka upande wa Garissa, na fimbo na furushi, akitembea kwa uhakika wa mtu aliyepita hapo mara nyingi, mmoja wa wale wanaochepukia maboma ya malisho bila kufika kisimani. Alisalimia, akafungua kikombe kwenye waya, akanywa viwili. Akakaa chini, akainua viganja na kuanza kuwataja, kama walivyotaja sikuzote, pipa hadi pipa. La Sahara. La yule mwingine. Na akafika.

"Na Mutua," akasema, "mzee ya mkokoteni, Mungu abonye magoti yake."

Nilishika jerikani tupu nikasubiri, kana kwamba kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Hilo ndilo nililokuwa nimelitaka maisha yangu yote, na lilikuwa limeshapewa mtu mwingine kwa jina langu. Mama alimaliza, akajipangusa uso, akanitazama mimi na punda kwa mara ya kwanza vizuri.

"Leo Mutua iko wapi?" akauliza. "Wewe ni mtu yake?"

Kulikuwa na neno moja tu la kumrekebisha, na nilikuwa nimelibeba tangu ujana. Nilifunika pipa kwa bati, nikaweka jiwe juu.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Amenituma."